Kubadili Betri ya Gari Bila ya Kupoteza Kumbukumbu Zake

Gazeti hili limezoea kuzungumza juu ya mikarafuu, majamvi na makonyo. Leo twaomba ruhusa ya wanachama tuzungumze juu ya betri ya gari. Wanachama wengi siku hizi hupeleka karafuu zao kituoni kwa gari za mizigo, na gari ikikwama karafuu nazo hukwama. Na katika kubadili betri, kazi ambayo haizidi nusu saa, twaona watu wanapoteza fedha nyingi kwa njia mbili: ama fundi huwaharibia gari kwa kutaka kuwasaidia, au huwatoza kwa kazi ambayo haikuhitajiwa hata kidogo.

Haya tunayoyaandika tuliyatazama Masasi na Newala, tulipokwenda kuwaona wakulima wenzetu wa korosho. Mwanachama atauliza, kwa nini twende mbali hivyo kujifunza jambo la betri? Jawabu ni kuwa gari ni zilezile. Kirikuu, Noah, Probox na Hilux zinazopita Wete na Chake Chake ndizo zinazopita Masasi, nazo nyingi zimetoka Japan hali zimekwisha tumika. Tofauti ni kwamba kule huteswa zaidi, na fundi anayeshughulika na gari inayoteswa hujua mengi.

Kwa ambaye hajafika: Masasi iko chini, katikati ya milima ya mawe matupu iliyosimama mmoja mmoja kama iliyopandwa. Hapo hukutana njia za Mtwara na Lindi, za Tunduru na Songea, na ile inayopanda Newala. Newala yenyewe iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, na mtu akisimama pale ukingoni hulitazama bonde la mto Ruvuma lote chini yake, na ng'ambo yake Msumbiji. Njia ya Mtwara mpaka Masasi kwa kupitia Tandahimba na Newala ni kilomita 210, na kwa miaka mingi sehemu kubwa yake ilikuwa ya vumbi na mawimbi. Mawimbi yale hutikisa betri mpaka unga wa risasi hupukutika katika sahani zake na kulala chini. Joto nalo huila betri hata gari ikiwa imesimama tu. Zaidi ya hayo, wakulima wa kule hupulizia mikorosho yao unga wa salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na unga huo huchukuliwa katika gari zilezile. Salfa huifanya shaba kuwa nyeusi, na nyaya za betri ni shaba.

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba, gunia hupelekwa katika maghala ya vyama vya msingi, na vyama vikuu vyao, MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, na TANECU kwa Tandahimba na Newala, huzinadi katika minada. Siku hizo hakuna mkulima anayetaka gari yake ilale. Sisi wenye karafuu twaijua haraka hiyo: karafuu mbichi haingoji fundi, wala mvua haingoji.

Basi tulimkuta Newala fundi mmoja, mtu mzima, anafanya kazi chini ya mkorosho. Ililetwa pikapu ya mkulima mmoja, betri imechoka, imewashwa kwa kusukumwa. Mwenye gari akasema, "Fundi, usiizime. Itoe betri hivihivi inakwenda, uitie mpya, redio yangu isije ikajifunga." Fundi akaweka spana chini. "Mzee wangu," akasema, "redio nitakulindia. Lakini nikiitoa betri injini inakwenda, nikakuulia kompyuta, utarudi kwangu na panga." Watu wakacheka, na injini ikazimwa.

Maneno yale ndiyo kiini cha makala haya, nasi twataka kuyaeleza vyema, kwa kuwa desturi ya kutoa betri injini ikiwa inakwenda ipo kote, bara na visiwani. Wengine huifanya ili kumbukumbu zisipotee, na wengine ili kupima kama altaneta inatoa chaji: wanachomoa waya, na injini isipozimika wanasema altaneta nzima. Zamani jambo hilo halikuwa na madhara makubwa. Gari ya zamani ilikuwa na dinamo, platini na taa, na kilichoweza kuungua ni balbu. Gari ya sasa ina kompyuta ya injini, ya gia, ya breki na ya mifuko ya hewa.

Yafaa ijulikane kwamba betri si ghala ya umeme tu. Ni kama birika kubwa katikati ya mfereji. Maji yakija kwa nguvu birika huyapokea, na nje yanatoka taratibu. Altaneta ikiwa inasukuma umeme mwingi, na betri ikachomolewa ghafula, umeme ule hauna pa kwenda. Nguvu yake hupanda kwa kitambo kidogo sana, chini ya sekunde moja, lakini katika kitambo hicho gari iliyofanywa kwa volti 12 yaweza kupata volti zaidi ya 80. Altaneta nyingi za siku hizi zimetiwa kinga ya kupunguza pigo hilo, lakini hakuna fundi anayeweza kuiona kinga ile kwa macho akajua kama ni nzima. Na betri ikiwa imechoka ndiyo khasa wakati ambao altaneta inasukuma kwa nguvu zote. Kwa hivyo anayechomoa betri mbovu katika gari inayokwenda amechagua saa mbaya kuliko zote.

Sasa tutazame ni kitu gani hasa kinacholindwa. Kumbukumbu za gari ni za namna mbili, na mwenye kuzijua tofauti hizi hadanganyiki.

Namna ya kwanza huandikwa ikakaa, iwe pana umeme au hapana. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, alifika Masasi na Newala na mashine ya kunasa sauti, akazinasa nyimbo za watu wa huko katika nta. Sauti ile ilipokwisha chorwa katika nta haikuhitaji kitu kingine ili ibaki. Ndivyo ilivyo hesabu ya kilomita katika gari, na ndivyo yalivyo maandiko yanayoitambulisha funguo kwa gari. Betri ikitolewa siku nzima, kilomita hazirudi sifuri na funguo haisahauliki. Twasisitiza hili kwa sababu wanachama wameambiwa, baada ya kutiwa betri mpya, kwamba sasa funguo lazima "ifundishwe upya" kwa kompyuta, na wakalipa. Gari ikikataa kuwaka baada ya betri mpya, mara nyingi sababu ni kibano kilicholegea, fyuzi iliyoungua, au king'ora kilichotiwa gari na watu wengine baadaye, si funguo ya kiwandani.

Namna ya pili ni kumbukumbu inayoishi kwa umeme, kama taa. Ukikatika, hufutika. Hapo ndipo zilipo saa, stesheni za redio, na yale mazoea ambayo kompyuta ya injini imejifunza kidogo kidogo: kiasi cha petroli cha kuongeza au kupunguza kwa injini hii iliyochakaa, hewa ya kupitisha injini ikiwa inakwenda taratibu, na katika gari nyingi za gia za kujiendesha, namna ya kubadili gia bila kushtuka. Vioo vya umeme vinavyopanda kwa mguso mmoja husahau mwisho wao uko wapi. Na pia hufutika khabari za makosa ambayo kompyuta imeziandika, zile zinazowasha taa ya injini.

Kwa hilo la mwisho tunayo nasaha pembeni. Mwanachama anayenunua gari mkononi mwa mtu aitazame saa yake. Ikiwa saa inasema saa saba kasoro mchana wa saa nne, betri imetolewa karibuni. Huenda ni kwa sababu njema, huenda ni kwa ajili ya kuizima taa ya injini kabla ya mnunuzi kufika. Si vibaya kuuliza.

Redio ndiyo inayowasumbua watu zaidi, nayo ni mashuhuri katika Tanzania yote na Kenya. Redio nyingi za Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japan, khasa zenye skrini na ramani, zina ulinzi wa wizi. Zikikosa umeme huandika Kijapani, nazo hutaka ama kadi ndogo ya ramani iliyokuja nayo, ambayo mara nyingi imekwisha potea kabla gari haijashuka bandarini, au namba ya siri inayohesabiwa kutokana na namba inayoonyeshwa na redio yenyewe baada ya herufi ERC. Wako vijana mjini wanaofanya kazi ya kutafuta namba hizo kwa malipo. Redio ikiwa imefungwa gari yakwenda kama kawaida, walakini katika baadhi ya gari skrini hiyohiyo ndiyo kamera ya nyuma, na dereva wa mizigo huihitaji.

Njia ya fundi wa Newala ilikuwa hii. Kwanza alipima betri kabla ya kuihukumu. Alizikwangua nyaya na vichwa vya betri, vilivyokuwa na ukoga wa kijani na mweupe, akaviosha kwa maji ya magadi, ambayo huua tindikali, na akaangalia magadi yasiingie katika matundu ya betri. Alituambia kuwa gari nyingi anazoletewa, betri ni nzima ila uchafu umeziba njia. Kisha akatumia kipimo. Betri iliyojaa na kupumzika saa kadhaa huonyesha kama volti 12.6, ikionyesha 12.2 iko nusu. Chini ya 12 imekwisha. Injini inapozungushwa, ikishuka chini ya 9 na nusu, na hali ilikuwa imetiwa chaji vyema, basi haifai tena. Ile ya pikapu ilishuka mpaka 7.

Alipoona haina budi kutolewa, akaleta betri yake ndogo ya volti 12, nzima, imeungwa waya mwembamba wenye fyuzi katikati ya ampea 10, na mwisho wa waya una plagi. Katika gari nyingi za tangu mwanzo wa miaka ya 2000, chini ya sukani upande wa miguu ya dereva, liko tundu pana la plagi lenye nafasi 16. Ndilo analochomeka fundi chombo chake cha kusoma makosa. Nafasi ya 16 imeungwa moja kwa moja na upande wa chanya wa betri, wakati wote, na nafasi ya 4 imeungwa na bodi. Kwa hivyo umeme waweza kuingia kwa mlango uleule ambao kwa kawaida hutokea. Waya wa namna hiyo huuzwa tayari, na fundi mwenye akili huweza kuutengeneza, maadamu hakosei chanya na hasi.

Wako wanaotumia tundu la kuwashia sigara. Laweza kufaa, ila katika gari nyingi za Japan tundu hilo hufa funguo ikizungushwa kuzima, na ikiachwa imefunguliwa redio na feni hunywa umeme. Viko pia vidude vinavyotumia betri ya mraba ya volti 9, kama ya redio ya mkononi. Hivyo twaviona dhaifu. Mtu akifungua mlango, taa ya ndani ikawaka, kumbukumbu imekwenda zake. Chaja ya betri isitumike peke yake mahali pa betri ya pili, kwa kuwa chaja nyingi za kawaida bila ya betri mbele yake hutoa umeme usiotulia.

Kabla ya kuchomeka, fundi alizima kila kitu, akafunga milango, akaitoa funguo na kuitia mfukoni mwake. Mtu akisahau akapiga stata, fyuzi ile ndogo itakatika papo hapo. Kwa gari za kubonyeza, funguo yake iwekwe mbali na gari. Akangoja dakika chache kompyuta zilale. Ndipo akachomeka plagi, akafungua upande wa hasi kwanza kwa spana namba 10, na kisha chanya.

Hapa pana khatari ambayo mwanachama asiisahau. Kwa kawaida nyaya zikiisha tolewa katika betri huwa zimekufa. Lakini kwa njia hii, kibano cha chanya kiko hai, kwa sababu kinalishwa na betri ya pili. Kikigusa bodi, fyuzi hukatika na kazi yote imepotea. Na kama mtu ametumia nyaya nene zisizo na fyuzi, cheche itaruka yenye kuunguza. Fundi alikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, akakivisha kibano kile kama soksi mara tu kilipotoka, akakifunga kwa kamba. Wala hapavutwi sigara, kwa maana betri iliyotoka kupokea chaji hutoa hewa inayolipuka.

Betri mpya aliitia, akafunga chanya kwanza na hasi mwisho, akakaza, na ndipo akachomoa plagi. Akageuza funguo. Saa ilikuwa sahihi na redio ikaendelea palepale ilipokuwa. Mwenye gari hakusema kitu, alitazama saa ya gari, kisha ya mkononi, akacheka.

Asiye na plagi aweza kutumia betri ya pili na nyaya za kuwashia gari, chanya ikashikwa kwenye kichwa cha boksi la fyuzi na hasi kwenye chuma cha injini. Njia hiyo hatuisifu kwa asiye fundi, kwa kuwa hakuna fyuzi ya kumwokoa. Tena betri kongwe ambayo imeungana ndani yaweza kuinyonya ile nzima kwa nguvu zitakazochoma waya.

Na ikiwa betri imekwisha kufa kabisa, gari haina hata taa, basi hakuna cha kulinda tena. Kumbukumbu zilizokuwa za kupotea zimekwisha potea. Usimlipe mtu kwa kuzihifadhi. Tia betri, na baadaye fanya haya: washa injini bila ya feni wala baridi, iache iende taratibu mpaka ishike moto, na endesha kwa upole siku ya kwanza na ya pili. Injini ikitetemeka kidogo mwanzoni si ugonjwa, inajifunza upya, ingawa baadhi ya gari, khasa Nissan, huenda zikahitaji chombo cha fundi kuzifundisha. Vioo hushushwa mpaka chini, vikapandishwa mpaka juu, na swichi ikashikwa sekunde chache zaidi. Redio yako ikiwa haijafungwa bado, itafute leo namba yake na kadi yake uviweke pamoja na kadi ya gari nyumbani.

Mambo mawili ya kuangalia. Njia hii ni ya kubadili betri tu. Anayetaka kuchomelea chuma cha bodi, kama wengi wafanyavyo ili kuongeza kizimba cha gunia, au kugusa mifuko ya hewa ya sukani, akate umeme wote, kumbukumbu zipotee zikipotea. Na wenye Fuso na lori nyingine za betri mbili za volti 24, wasichomeke kifaa cha volti 12, wala wasidhani kila Canter ni sawa na nyingine. Lazima ipimwe kwanza. Gari za Ulaya za siku hizi, kama BMW, zina kipimo juu ya betri yenyewe, na kompyuta yake hutaka iarifiwe kuwa betri ni mpya. Hiyo ni kazi ya chombo, na kwa gari hizo malipo yake ni ya haki.

Katika kununua, tazameni maandishi. Betri iliyoandikwa 55B24L ina urefu wa sentimita 24 hivi, na herufi ya mwisho, L au R, huonyesha vichwa viko upande gani. Anayenunua R mahali pa L atakuta nyaya hazifiki, au, vibaya zaidi, zitafika kinyume, na fyuzi kubwa itakatika kama si altaneta yenyewe. Betri ipimwe dukani mbele ya mnunuzi. Iliyokaa rafuni muda mrefu ikishuka chini ya 12.4, iombewe chaji kwanza au iachwe. Wanaozileta kutoka Dar es Salaam kwa boti wazisimamishe wima, vichwa vifunikwe kwa mpira au karatasi ngumu, wala zisiwekwe juu ya gunia la karafuu. Betri kongwe isimwagwe tindikali yake shambani. Wauzaji wengi huipokea na kupunguza bei ya mpya, kwa kuwa risasi yake ina thamani.